Mbunge wa Puthuppally: Miaka 53 ya Oommen Chandy

(Maneno yaliyosemwa katika semina ya viongozi wa makanisa na wanaharakati)



Tuliombwa tuseme machache juu ya kazi ya mbunge. Sisi mawakili tukipewa mada kama hiyo hukimbilia vifungu vya katiba, na haipiti robo saa kabla ya nusu ya wasikilizaji kusinzia. Kwa hiyo leo tumechagua maisha ya mtu mmoja, nasi tutayapekua kama tunavyopekua jalada la kesi, tukitazama mazuri yake na madoa yake. Mtu huyo ni Oommen Chandy wa Kerala, jimbo lililo kusini-magharibi mwa India, aliyefariki tarehe 18 Julai 2023.

Alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1943 huko Puthuppally, karibu na mji wa Kottayam, katika jamii ya Wakristo wa Kiorthodoksi ambao mapokeo yao husema kwamba walihubiriwa Injili na Mtume Thoma mwenyewe. Alisomea sheria Ernakulam, lakini siasa za wanafunzi zilikuwa zimekwisha kumteka. Mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 26, alisimama Puthuppally kwa tiketi ya chama cha Congress, akamwangusha mbunge wa Chama cha Kikomunisti (Marxist) aliyekuwa akikishikilia kiti hicho. Tangu siku hiyo hakushindwa tena. Watu wa Puthuppally walimchagua mara 12 mfululizo, na mwaka 2022 akaipita rekodi ya K. M. Mani wa Pala ya kukaa siku nyingi zaidi katika bunge la Kerala.

Yafaa tueleze kidogo juu ya bunge lenyewe. Lina viti 140 vya kuchaguliwa. Kerala si mahali ambapo chama kimoja hulala na kuamka na serikali. Kwa muda wa miaka mingi, kuanzia mapema miaka ya 1980, miungano miwili, mmoja ukiongozwa na Congress na mwingine na Wakomunisti, ilipokezana madaraka karibu kila uchaguzi. Basi mtu aliyedumu humo miaka 53 alikaa upinzani miaka mingi pia, akiuliza maswali badala ya kuyajibu. Jambo hilo mara nyingi husahauliwa wanapohesabiwa wabunge wa muda mrefu. Wako waliodumu kwa sababu hawakuwahi kupingwa. Huyu alipingwa kila mara.

Hatuji hapa kumtangaza mtakatifu. Bunge alilochaguliwa mwaka 1970 lilipaswa kumalizika mwaka 1975, lakini Indira Gandhi alitangaza hali ya hatari mwezi wa Juni mwaka huo, na maisha ya bunge la Kerala yakarefushwa hadi 1977. Chandy na chama chake walikuwa upande wa wenye nguvu. Wakati huo, mwezi wa Machi 1976, mwanafunzi wa uhandisi aliyeitwa Rajan alichukuliwa na polisi, asionekane tena. Hali ya hatari ilipoondolewa, baba yake alikwenda Mahakama Kuu ya Kerala kuomba amri kwamba mwanawe aletwe mbele ya mahakama, awe hai au vyovyote alivyo. Serikali ikakana kwamba kijana huyo alikamatwa. Majaji hawakukubali. K. Karunakaran, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wakati wa hali ya hatari, ndiyo kwanza alikuwa ameapishwa kuwa Waziri Kiongozi. Kabla ya mwezi wa Aprili 1977 kwisha akalazimika kujiuzulu. Sisi tunaofanya kazi mahakamani twaikumbuka kesi hiyo kwa sababu ya mzee yule, mwalimu asiye na cheo, aliyeiangusha serikali kwa karatasi ya maombi.

Chandy, mwenye umri wa miaka 33, alikuwa waziri wa kazi katika baraza hilo lililovunjika, akaendelea katika baraza lililofuata chini ya A. K. Antony. Mwaka 1980 yeye na kundi la Antony walisimama pamoja na Wakomunisti, na mwaka 1981 wakawaacha. Kisha akawa waziri wa mambo ya ndani katika serikali ya miezi michache ambayo ilisimama kwa kura ya Spika peke yake, maana pande mbili za bunge zilikuwa sawasawa. Serikali hiyo ilianguka mwezi wa Machi 1982. Baadaye, kati ya 1991 na 1994, alishika wizara ya fedha, akajiuzulu kwa kutoelewana na Karunakaran.

Hapo pana doa jingine. Mwaka 1994 wanasayansi wa shirika la anga la India walishtakiwa kwamba waliuza siri za nchi. Kundi ambalo Chandy alikuwa nguzo yake lilitumia kelele hizo kumshinikiza Karunakaran, naye akaondoka madarakani mwaka 1995. Mashtaka yalikuwa uongo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India iliamuru mmoja wa wanasayansi hao, Nambi Narayanan, alipwe fidia ya rupia milioni 5. Siasa za vikundi ndani ya chama kimoja zaweza kuwa na ukatili kuliko siasa kati ya vyama.

Mara mbili Chandy alikuwa Waziri Kiongozi: 2004 hadi 2006, na 2011 hadi 2016. Mara ya pili muungano wake ulipata viti 72 dhidi ya 68. Hebu fikirini: wabunge wawili wakikasirika asubuhi, jioni hakuna serikali. Hata hivyo alimaliza miaka yote mitano.

Jambo lililompatia sifa zaidi ni mikutano ya hadhara ya kupokea shida za watu. Alizunguka wilaya zote 14 za jimbo, akakaa jukwaani tangu asubuhi hadi usiku wa manane, maelfu ya watu wakipita mbele yake mmoja mmoja: mjane asiyepata malipo yake, mgonjwa aliyeletwa kwa machela, mwenye deni la benki. Maofisa walikuwa papo hapo, na majibu yaliandikwa papo hapo. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliupa mpango huo tuzo ya utumishi wa umma. Wapinzani wake walisema kiongozi wa jimbo lenye watu zaidi ya milioni 33 alikuwa akifanya kazi ya karani wa kijiji. Twakiri kwamba hoja hiyo ina uzito. Kama haki ya mjane yahitaji mkono wa mkuu wa serikali, basi ofisi zote zilizo chini yake zimelala. Lakini mjane hawezi kungoja ofisi ziamke.

Mwezi huo huo wa tuzo, Juni 2013, alitingishwa na kashfa ya kampuni iliyokusanya fedha za watu kwa ahadi ya mitambo ya umeme wa jua. Watumishi wa ofisi yake walihusishwa. Upinzani ulitaka aondoke, na mwezi wa Oktoba alipigwa jiwe mjini Kannur, akaumia. Aliunda tume ya uchunguzi chini ya jaji mstaafu, na Januari 2016, akiwa bado madarakani, akafika mbele ya tume hiyo akahojiwa saa nyingi. Taarifa ya tume ilimlaumu. Miaka ikapita. Mwisho wa 2022 wapelelezi wa serikali kuu wakasema hawakupata ushahidi wa shutuma iliyo nzito kuliko zote zilizotolewa juu yake. Wakati huo alikuwa mgonjwa, na sauti yake ilikuwa imekwisha.

Wenzetu wa makanisa watapenda kusikia kwamba mwaka 2014 serikali yake iliamua kufunga baa zote isipokuwa za hoteli za nyota tano, na Mahakama ya Juu ikaukubali uamuzi huo mwaka 2015. Lakini waziri wake wa fedha, yule yule Mani, akajiuzulu kwa madai kwamba alipewa rushwa na wenye baa. Mwaka 2016 wananchi waliuondoa muungano wake kwa viti 91 dhidi ya 47. Puthuppally ikamrudisha yeye.

Kwa nini ilimrudisha? Jumapili alikuwa nyumbani, hata alipokuwa Waziri Kiongozi. Baada ya ibada mlango ulikuwa wazi, na yeyote aliingia, mwenye kadi ya chama chake na asiye nayo. Shati lake halikunyooka na nywele hazikuchanwa. Tuliosoma habari zake twaona kwamba hakuna siri kubwa kuliko hiyo.

Alipofariki, familia yake ilikataa heshima za kiserikali, kama alivyotaka. Gari lililobeba mwili lilitoka Thiruvananthapuram likielekea Kottayam, mwendo wa kilomita 150 hivi, nalo lilichukua zaidi ya saa 24 kwa wingi wa watu waliosimama barabarani usiku kucha, wengi wao wakiwa Wahindu na Waislamu. Alizikwa katika kanisa la Mtakatifu George, Puthuppally. Watu wakaanza kufika kaburini na mishumaa, na wengine na barua za shida zao. Mwezi wa Septemba 2023 uchaguzi mdogo ukafanyika, na kiti kikamwendea mwanawe, Chandy Oommen, kwa wingi wa kura 37,719.