Nafasi Baina ya Maneno: Kuhifadhi Umbo la Matini za Kiswahili katika Faili za XML



Katika maandishi ya Kiswahili, nafasi tupu ina uzito wa kisarufi. "Si mama" ni kikanushi na nomino; "simama" ni kitenzi cha kuamuru. Kinachoyatofautisha maandishi hayo ni nafasi pekee. Mhadhara huu unakusudia kubainisha jinsi nafasi hiyo inavyoweza kupotea ndani ya kompyuta, na namna ya kuihifadhi.

XML ilipitishwa na jumuiya ya W3C tarehe 10 Februari 1998, na imetumika sana katika kuhifadhi kongoo za lugha. Kila kipashio, kiwe neno au mofimu, hufungwa kati ya lebo mbili. Kanuni zake zinakitaka kichanganuzi kiikabidhi programu kila herufi isiyo sehemu ya lebo, nafasi tupu zikiwamo. Hasara hutokea baadaye, programu inapoijenga upya matini katika kumbukumbu ya kompyuta.

Na uchukuliwe mfano wa mwanafunzi anayenukuu mazungumzo katika kata ya Sombetini, jijini Arusha, ambako Kiswahili hukutana na Kiarusha, Kimeru na Kichaga. Mzungumzaji anasema: "Aliyeuza kiwanja si mama." Mwanafunzi, kwa kuwa anachunguza ukanushi, analipa neno "si" lebo yake na neno "mama" lebo yake, na kuyaacha maneno yaliyotangulia bila lebo. Faili hiyo ikifunguliwa kwa XmlDocument ya Microsoft .NET katika hali yake ya kawaida, nafasi iliyo baina ya lebo hizo huhesabiwa kuwa pambo, nayo hutupwa. Ikihifadhiwa, matini husomeka: "Aliyeuza kiwanja simama." Ukanushi umetoweka, na pamoja nao ushahidi wa mzungumzaji kuhusu mali ya familia yake.

Hali hiyo hiyo huzaa kosa la kinyume. Neno "amefika" likigawanywa katika mofimu a-me-fika, kila moja na lebo yake, programu huzipanga mofimu hizo katika mistari tofauti wakati wa kuhifadhi. Hivyo huingia nafasi ambazo hazikuwapo, na anayehesabu maneno kwa kufuata nafasi atapata matatu badala ya moja.

Tiba ni tatu. Kwanza, sifa ya PreserveWhitespace iwashwe kabla ya faili kusomwa, kwani nafasi iliyokwisha kutupwa hairejei. Pili, kipengele kinachobeba usemi kipewe atributi xml:space yenye thamani preserve. Tatu, faili ifunguliwe na kuhifadhiwa bila badiliko, kisha matini mbili zilinganishwe herufi kwa herufi. Tofauti za nafasi ndani ya lebo zenyewe hazina madhara, kwa kuwa si sehemu ya usemi.

Hata hivyo, kinga iliyo bora ni nidhamu ya mwanaisimu mwenyewe. Jambo lenye maana, kama vile mtuo wa mzungumzaji au mpaka wa kipande cha mshororo, lipewe lebo yake. Lisiachiwe nafasi tupu. Mwongozo wa TEI umeweka lebo za beti, mishororo na mituo kwa ajili hiyo. Mzungumzaji wa Sombetini alitamka maneno mawili. Ni wajibu wa mtafiti kuhakikisha kwamba yanabaki mawili.