KUCHUNA NA KUSAFISHA SUNGURA NA WANYAMA WENGINE WADOGO WA PORI

(Mazungumzo ya Katibu wa Chama, Tawi letu, mbele ya wanaushirika na wanafunzi wa kisomo cha watu wazima. Yamenakiliwa hapa ubaoni kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.)



Wiki iliyopita, katika darasa la kisomo, mama mmoja aliuliza hivi: "Nyama ikishachemka na kuiva, si vijidudu vyote vimekufa? Sasa kuchuna kwa utaratibu kuna faida gani?" Ni swali zuri sana. Mwalimu akanitaka nilijibu mbele yenu nyote, na jibu langu ni hili: moto humlinda anayekula, haumlindi anayechuna. Mkono wako unakutana na damu, manyoya na viroboto saa nzima kabla sufuria haijatengwa motoni. Mkono huo ukiwa na mchubuko, ugonjwa unapita hapo hapo. Na sumu je? Sumu ya panya au dawa ya wadudu haikimbii moto. Utaichemsha, nawe utainywa na mchuzi.

Sasa tujiulize, hapa kijijini ni nani anayechuna? Mwanamume anarudi na sungura au ndezi, anambwaga mlangoni pa jiko, halafu huyoo, anakwenda zake barazani. Anayebaki na kisu ni mama, mtoto yuko mgongoni, vidole vimechanika kwa jembe na kuni. Au anaitwa mtoto wa darasa la nne achune yeye. Jamani, hatari tunawaachia hao, kisha minofu tunaifuata sisi. Ndiyo maana leo sisemi na akina mama peke yao.

KWANZA: KIBALI

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, na wako chini ya Rais kwa niaba ya wananchi wote. Kwa hiyo kuwinda kunataka kibali, na udogo wa mnyama si ruhusa. Asiseme mtu, "Katibu ametufundisha kuchuna, basi twendeni tukatege." Sikusema hivyo. Mitego ya waya ni kosa, tena inatesa: mnyama anakufa usiku, asubuhi unakuta tumbo limeshavimba. Ndezi wakizidi kwenye miwa au mahindi ya ushirika, tunapeleka taarifa kwa Mtendaji ili afisa wanyamapori aarifiwe. Haya ninayoeleza yanamfaa mwenye kibali, na yanamfaa vile vile anayefuga sungura nyumbani, kwa sababu namna ya kuchuna ni ile ile. Mazoezi ya darasa tutayafanya kwa sungura wa kufuga.

PILI: MNYAMA WA KUACHWA

1. Mnyama uliyemkuta amekufa, mwache. Usiseme ni riziki. Hukuona kilichomuua.

2. Mnyama aliyekuwa anayumba, au aliyekaa tu akikutazama bila kukimbia, mwache. Sungura mzima hamsubiri mtu.

3. Mnyama anayetoka damu puani, mdomoni au nyuma, damu nyeusi isiyoganda, usimguse wala usimpasue. Hiyo ni dalili ya kimeta. Kimeta huwapata ng'ombe, mbuzi na wanyama wa pori wanaokula majani, hata digidigi. Ukimpasua, vijidudu vinapata hewa, vinajivika ganda gumu na kukaa ardhini miaka mingi sana. Utakuwa umewategea mbuzi wa wajukuu zako. Zuia mbwa na watoto wasisogee, ukamwite afisa mifugo.

4. Mnyama au ndege aliyeuawa kwa sumu haliwi. Ukipata kanga mwenye kibali chake, pasua kwanza ule mfuko wa chakula ulioko shingoni. Ukikuta mbegu zenye rangi, nyekundu au buluu, hizo ni mbegu zilizopakwa dawa ya kupandia. Mfukie kanga huyo mzima mzima, hata akiwa amenona namna gani.

TATU: MATAYARISHO

Baada ya mnyama kuchinjwa na damu kutoka vizuri, usimtie kwenye salfeti ukafunga mdomo. Joto linabaki ndani na nyama inaanza kuoza ukiwa njiani. Mbebe akining'inia, apigwe na hewa. Tumbo litolewe mapema, isipite saa moja kama jua ni kali.

Mahali pa kuchunia ni nje, mbali na jiko, mbali na kitanda. Sababu ni viroboto. Mwili wa mnyama ukianza kupoa, viroboto wanauhama na kutafuta mwili wenye joto, na mwili wenye joto ulio karibu ni wewe. Tauni huenezwa na viroboto wa panya na wa wanyama wengine wadogo. Wenzetu wa Lushoto waliipata tauni tangu mwaka 1980, ikawasumbua kwa zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo mloweshe mnyama kwa maji ya sabuni kabla ya kuanza. Viroboto watapungua, na manyoya hayatapeperuka yakaingia kwenye nyama.

Weka tayari: kisu kikali, maji safi ndoo moja, sabuni, beseni mbili, majani ya mgomba, chumvi na kamba. Kisu butu ndicho kinachokata watu, maana unakisukuma kwa nguvu nacho kinateleza. Mwenye kidonda mkononi asichune, ampishe mwingine. Kama hakuna mwingine, avae glavu. Huko Marekani na Ulaya kuna ugonjwa uitwao tularemia, wenyewe huuita pia homa ya sungura. Watu wameupata kwa kuchuna sungura kwa mikono mitupu, kabla hata ya kuonja nyama.

NNE: KUCHUNA

Mtundike sungura kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, kwenye tawi au mti uliolazwa juu ya panda mbili. Kata ngozi kuzunguka kila mguu wa nyuma, juu kidogo ya kifundo. Kata ngozi tu, usifike kwenye mshipa. Kutoka hapo pasua ngozi kwa upande wa ndani wa paja, mguu huu mpaka ule, ukipita chini ya mkia. Kata mkia.

Sasa weka kisu chini. Ingiza vidole kati ya ngozi na nyama, uvute ngozi kwenda chini polepole, kama unavyomvua mtoto shati kwa kulipitisha kichwani. Ngozi ya sungura ni nyembamba, inakuja yenyewe. Ukifika miguu ya mbele, itoe mmoja mmoja kama kutoa mkono kwenye shati, kisha vuta mpaka shingoni. Kata kichwa, na ngozi itoke pamoja nacho. Kata vitanga vya miguu.

Jambo kubwa hapa ni mikono. Mkono wa kushoto ushike manyoya tu, mkono wa kulia ushike nyama tu. Ukichanganya, uchafu wote wa nje umeuhamishia kwenye nyama. Ukimaliza ngozi, nawa kwa sabuni na uoshe kisu kabla hujagusa tumbo.

Ndezi naye anachunwa, ila ngozi yake inachanika upesi, basi usivute kwa pupa. Kanga unamtia kwenye maji ya moto yasiyotokota, unamnyonyoa. Maji yakitokota ngozi inapasuka.

TANO: KUTOA TUMBO

Hapa ndipo wengi wanapoharibu nyama. Finya ngozi ya tumbo ya chini, uivute kuelekea kwako, utoboe tundu dogo. Ingiza vidole viwili, elekeza makali ya kisu juu kati ya vidole hivyo, upasue mpaka kifuani. Vidole ndivyo vinavyozuia kisu kisiguse matumbo. Kata kuzunguka tundu la nyuma ili utumbo utoke mzima. Kibofu cha mkojo kishike juu kwenye shingo yake, ukikate bila kukibana.

Vuta vyote vishuke kwenye beseni. Nyongo iondoe pamoja na kipande kidogo cha ini. Ikipasuka, usihangaike kuosha, kata nyama iliyoguswa uitupe. Utumbo ukipasuka ni vivyo hivyo.

SITA: UKAGUZI

Usitupe vitu vya ndani kabla ya kuvitazama. Kwenye machinjio yupo mkaguzi wa nyama. Huku shambani, mkaguzi ni wewe.

Ini zima lina rangi ya damu ya mzee, ni laini na linang'aa. Ukiona madoadoa meupe au ya manjano, usaha, bandama iliyovimba, au mapafu yaliyogandamana na mbavu, usile. Usikate sehemu mbaya ukala nyingine. Mnyama wote ni wa shimoni. Inauma, najua. Watoto wamekwisha kuona nyama na leo ingekuwa sikukuu. Lakini siku moja ya mchicha haijamuua mtu.

SABA: KUOSHA NA KUPIKA

Ondoa vijitezi vya rangi ya manjano vilivyoko kwapani na kiunoni, ndivyo vinavyoleta harufu. Osha nyama upesi kwa maji safi. Usiiache ikilowa tangu mchana mpaka usiku, inavimba na kupoteza ladha. Kuondoa damu, yatosha kuitia kwenye maji ya chumvi nusu saa, kijiko kimoja cha chumvi kwa lita moja ya maji. Isipopikwa siku ile ile, kama hakuna barafu, ikatwe nyembamba, itiwe chumvi na kubanikwa.

Chemsha mpaka nyama iachane na mfupa na pasibaki wekundu. Sungura mzee anataka kuni nyingi na subira. Mishikaki nje imeungua, ndani damu, hiyo hapana.

NANE: TAKA NA MIKONO

Chimba shimo lenye kina cha kufika gotini au zaidi, mbali na kisima. Fukia manyoya, matumbo na maji ya kuoshea. Matumbo mabichi mbwa asipewe. Yana minyoo, na minyoo hiyo mbwa ataileta uani wanakochezea watoto. Kisu, ubao na beseni vimwagiwe maji yanayochemka. Nawa mikono mpaka kwenye viwiko, na ndani ya kucha.

TISA: UKIPATA HOMA

Aliyechuna mnyama akipata homa kali ndani ya wiki moja, au mtoki kwenye kinena au kwapani, au kidonda kisichouma chenye gamba jeusi, aende zahanati siku hiyo hiyo. Akifika aseme wazi: "Nilichuna mnyama." Maneno hayo mawili yanamsaidia mganga kuliko unavyodhani, maana bila hayo huenda akafikiri ni malaria tu. Tauni na kimeta zina dawa, lakini dawa inataka kuwahiwa. Kuficha kwa sababu huna kibali ni kujiua. Mganga yuko pale kukutibu, hayuko kukushitaki.

NDUGU WANANCHI,

Mwaka 1973 nchi hii ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wetu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kusoma vitabu, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Walijifunza, wakaamua, wakatenda. Na sisi tukiishia kupiga makofi, mazungumzo haya yatakuwa kelele. Kwa hiyo naleta mapendekezo manne, mkutano uyajadili:

1. Aliyeleta mnyama ndiye amchune, nje, kabla hajamfikisha jikoni.

2. Mtoto wa shule asipewe kazi ya kuchuna wala kutoa tumbo.

3. Ushirika ununue glavu na sabuni, viwekwe kwa mtunza ghala, na anayechuna aombe bila malipo.

4. Mnyama aliyeokotwa amekufa asiingie kwenye nyumba yoyote. Habari zipelekwe kwa balozi, naye amwarifu afisa mifugo.

Najua pendekezo la kwanza litanunisha baadhi ya wanaume wenzangu. Na wanune. Kama tuna nguvu za kumkimbiza ndezi bonde zima, hatukosi nguvu za kumvua ngozi.



MASWALI YA DARASA LA KISOMO

1. Kwa nini moto haumlindi anayechuna?
2. Taja dalili tatu za mnyama asiyefaa kuguswa au kuliwa.
3. Mkono wa kushoto unashika nini, na wa kulia unashika nini?
4. Ukienda zahanati na homa baada ya kuchuna, utamwambia nini mganga? Andika jibu lako kwa sentensi moja, ulilete Jumatano.