Utu wa Mtu Msimu wa Baridi
(Maneno yaliyosemwa Msasani, Tukuyu)



Mvua kubwa zimekwisha pungua. Nchi yetu ya Rungwe hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Machi na Aprili ndiyo miezi iliyo mikali. Lakini sasa Mei imetoka, na mahali pa mvua pameshikwa na ukungu. Juni na Julai mlima hujifunika tangu alfajiri, na mtu asiye na blanketi huhesabu usiku saa kwa saa. Juu ya mtu huyo twapenda kusema.

Salamu yetu ya Kinyakyusa ni "Ugonile", maana yake, je, umelala? Waliotuachia neno hili hawakuanza kwa kuuliza ng'ombe wala shamba. Waliuliza usingizi, ambao tajiri na maskini wauhitaji sawasawa. Basi yatupasa kujiuliza kama tungali twangoja jibu, au twapita tu kama watu wanaokimbilia soko.

Zamani wavulana wa miaka kumi hivi walitoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao mahali pamoja, wakawa wakila kwa mama zao kwa zamu. Kijiji hicho kilikua nao mpaka wakawa wazee. Furaha ya kukaa na wenzi yaitwa ukwangala, na Bibi Monica Wilson, aliyefanya uchunguzi nchini kwetu pamoja na mumewe kati ya 1934 na 1938, aliiandikia kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1951. Wala hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa mema. Mtu aliyechukiwa na wenzake aliweza kushtakiwa uchawi, akahama na watoto wake. Huruma ya siku zile ilikuwa na mpaka wake.

Kisha fedha ikaingia. Dhahabu ilionekana Lupa, upande wa Chunya, mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 wanaume wengi wa kwetu walikwenda huko kutafuta mshahara. Wengine walifika hata migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Twadhani ndipo swali la pili liliposhika nguvu: "Umeleta nini?" Mpaka leo kijana arudiye kutoka Mbeya au Dar es Salaam na mizigo hupokewa kwa vigelegele; mwenzake arudiye na kikohozi na mikono mitupu hupokewa kwa minong'ono, na huyo ndiye baridi humwumiza zaidi.

Sisi makarani kazi yetu ni kuandika jina la mtu na mbele yake hesabu. Hatulilaumu daftari, maana pasipo hilo hakuna haki katika mambo ya fedha. Twamlaumu mtu alichukuaye mpaka mlangoni kwake, akampima ndugu yake kwa safu ya mwisho.

Tena kutoa kwenyewe kuna adabu yake. Ukimpelekea mjane viazi au ndizi mchana kweupe, huku ukitangaza njia nzima, umemshibisha tumbo ukamvua nguo. Mpelekee jioni. Ukimpelekea kuni, usizitupe mlangoni ukaenda zako. Ingia, keti, uote moto pamoja naye, ukubali maziwa kama anayo. Hapo yeye ni mwenyeji nawe ni mgeni wake, wala hakuna mwombaji nyumbani humo.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. Vijana waangalie paa za wazee wasio na watoto, zitengenezwe kabla mvua za Novemba hazijaanza. Na walimu waandike watoto wanaoingia darasani asubuhi bila sweta, majina yao yaletwe kwa wazee kwa siri, wala yasisomwe barazani.