Joto la Chumba cha Nani? Mhadhara wa Umma, Mudende



Kuna sentensi wanayokaririshwa watoto wetu mpaka leo: simetali ni gesi, au ni yabisi dhaifu zinazomeguka, na hazipitishi umeme. Nimekuja kwa ajili ya sentensi hii.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipovunja betri ya tochi iliyokwisha. Ndani mlikuwa na kijiti cheusi cha kaboni, kinachochafua vidole kama masizi. Nikakiunga kwa nyaya na betri nzima na balbu. Balbu ikawaka. Nilipomweleza mwalimu, alinichapa kwa kusema uongo, maana kaboni ni simetali. Na kaboni hiyohiyo, atomu zake zikijipanga vingine, ndiyo almasi inayokwaruza chuma. Udhaifu uko wapi?

Tuje kwenye hali. Klorini, bromini na iodini ni wa ukoo mmoja. Humu chumbani klorini ni gesi ya kijani-manjano, bromini ni kimiminika rangi ya damu ya mzee, iodini ni yabisi nyeusi inayong'aa. Molekuli kubwa hushikana zaidi kuliko ndogo, basi. Watetezi wa sentensi husema bromini, simetali pekee iliyo kimiminika, ni kighairi tu. Sikubali. Huchemka kwa nyuzi 59 na huganda kwa nyuzi 7 chini ya sifuri. Chumba chetu kimeangukia katikati.

Na si joto tu, mgandamizo pia. Niruhusuni nikae kidogo na mwanasayansi Michael Faraday, ninayemsoma tena kila mwaka. Mwaka 1823, London, alizibia fuwele za klorini na maji ndani ya bomba la kioo, akalipasha moto. Rafiki yake, daktari Paris, akapita maabara, akaona matone kama ya mafuta, akamlaumu kwa kutumia vyombo vichafu. Faraday alipokata ncha, bomba likapasuka na mafuta yakatoweka. Kesho yake Paris akapokea barua fupi: yale mafuta yalikuwa klorini. Gesi ilikuwa imejikandamiza yenyewe mle bombani. Kwa joto la chumba, mgandamizo wa takriban angahewa saba unatosha kuigeuza klorini kimiminika.

Sisi majirani wa Ziwa Kivu tusingepaswa kushangaa. Chini ya ziwa hilo zimo takriban kilomita za ujazo 300 za dioksidi ya kaboni na 60 za methani, zimeyeyuka kwa uzito wa maji yaliyo juu yake. Ni misombo, si elementi, najua. Lakini maji ya kilindini yakivutwa juu, gesi hutoka yenyewe kama povu. Kwa njia hiyo kiwanda cha bia cha Gisenyi kilianza kupata methani mwaka 1963.

Kwa hiyo nashikilia: hali ya elementi imo katika mahali ilipo. Wenzangu husema nazidisha, kwamba ukubwa wa molekuli nao una sehemu yake. Nimekiri hilo mwenyewe, na bado nashikilia.

Walimu mliopo, ifuteni sentensi ile. Ulizeni kwanza: joto gani, mgandamizo gani? Na betri ya tochi ikiisha msiitupe. Ipelekeni darasani, mtoto akiunge kijiti chake cha kaboni, aiwashe balbu kwa mkono wake.