Matairi Magumu, Migongo Yetu

Wapo watu katika jiji hili la Dar es Salaam ambao wamenunua gari zuri, gari la Kijerumani, kwa fedha walizojinyima miaka mingi, na bado wakipita kwenye rasta za barabarani hufumba macho na kuuma meno kama mtu anayechomwa sindano. Ukiwauliza watakwambia gari ni zima, injini haisikiki, viti ni vya ngozi, lakini safari inawaumiza. Wamebadilisha shokapu, hawakupata nafuu. Wamebadilisha bushi, hawakupata nafuu. Fundi wa tatu akawaambia hiyo ndiyo tabia ya magari ya Kizungu, wakaamini.

Mimi leo nasema, ndugu msikilizaji, kabla hujampa fedha fundi wa nne, inama utazame ubavu wa tairi.

Utakuta maandishi mengi. Miongoni mwake tafuta herufi chache tu. Kama tairi ni la Bridgestone, huenda ukaona RFT. La Goodyear huandikwa ROF, la Continental SSR, la Michelin ZP. Na kama lilitengenezwa kwa ajili ya BMW utaona pia RSC. Ukizikuta herufi hizo basi umekalia matairi yaitwayo ranflati, yaani matairi yanayoweza kuendelea na safari hata baada ya kuishiwa upepo.

Siyo uchawi. Tairi la kawaida ubavu wake ni laini. Upepo ukitoka, ubavu hulala, rimu huukalia mpira na kuukatakata, na mwendo wa dakika chache tu unatosha kuliua tairi. Ranflati limeongezewa mpira mnene na mgumu ubavuni, kwa hiyo upepo ukiisha ubavu husimama peke yake na kulibeba gari. Kwa kawaida watengenezaji husema unaweza kwenda kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Ukiwa umejaza abiria na mizigo, umbali huo hupungua.

Wajerumani hawakuwa wajinga kuyapenda. Hebu fikiria mtu aliyepata pancha usiku wa baridi, theluji inaanguka, kando ya barabara kuu ambayo magari yanapita kwa kasi ya kilomita 160. Kuchuchumaa pale na jeki ni kuomba kifo. Basi afadhali aende taratibu mpaka mji unaofuata. Tena mtengenezaji naye anapata faida yake. Anaondoa tairi la tano, anaondoa jeki, gari linapungua uzito na buti linapata nafasi. BMW ilipotoa 3 Series mpya mwaka 2005, matairi haya yalikuja nayo kama kitu cha kawaida, siyo cha kuagiza. Magari hayo na ndugu zake ndiyo yaliyokuja kushuka bandarini kwetu kama mitumba kutoka Japani na Uingereza, na kila yaliposhuka na matairi yake ya asili, mnunuzi alitazama rangi na kilomita, ubavu wa tairi hakuutazama.

Ubaya ni kwamba ubavu mgumu haujui kuchagua siku. Siku ya pancha ni mgumu, na siku zote ambazo hakuna pancha ni mgumu vilevile.

Hapa naomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu wengi wetu tumesahau upepo uliingiaje ndani ya tairi. Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alisajili wazo hilo Uingereza mwaka 1845, likalala. Kisha akaja Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast. Mwanawe alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, magurudumu yenyewe ya mpira mgumu usio na upepo, na njia za mawe zilimtikisa mtoto. Baba akatengeneza mrija wa mpira, akaujaza upepo, akauzungushia gurudumuni. Mwaka 1888 akaupatia hataza, ingawa baadaye ilifutwa ilipogundulika kwamba Thomson alishamtangulia. Kwa hiyo upepo uliingia ndani ya tairi la Dunlop kwa sababu ya mwili wa mtoto. Upepo ndio springi ya kwanza ya gari. Jiwe likipigwa, tairi hubonyea kabla shokapu haijajua kuna nini. Ukiukaza ubavu, springi hiyo ya kwanza umeifunga kamba.

Na kwa barabara zetu hasara haiishii mgongoni. Ukidumbukia kwenye shimo lenye ukingo mkali, tairi laini hubonyea na kumeza sehemu ya kishindo. Tairi gumu hukipeleka kishindo chote kwenye rimu, na rimu za aloi hupinda au kupasuka. Waulizeni mafundi wa kuchomelea rimu ni magari gani yanayowapa chakula.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima tunamwita Mwalimu tu, alipelekewa gari la namna hiyo na mwanawe. Mzee ana pingili za mgongo zilizochakaa, daktari alishamwambia akwepe mitikisiko. Mara mbili kwa mwezi huenda kliniki, na kila akirudi alikuwa anashuka kwa kujishika mlango, anasimama kwanza, halafu ndipo anapiga hatua. Nilipomwamkia siku moja akaniambia, “Marahaba mwanangu. Dawa wananipa kliniki, ugonjwa unanisubiri njiani.”

Tulikwenda pamoja kwenye duka la matairi, duka kubwa tu lenye mashine za kisasa, ambalo sitalitaja. Kijana akatazama, akasema, “Mzee wangu, haya ndiyo yanayokuumiza. Weka ya kawaida, utadhani umenunua gari jingine.” Na kweli. Vipimo vilevile vya rimu zilezile, matairi manne ya kawaida, bei chini ya ranflati. Tulipopita rasta za kwanza Mwalimu aliacha kushika mpini wa juu ya mlango. Nilimwona. Stelingi ilikuwa nyepesi kidogo, gari likikata kona linalegea kidogo kuliko mwanzo, jambo ambalo kijana wa mbio angelilalamikia. Mzee wa miaka 71 hana mbio na mtu.

Lakini kijana yule wa duka, ambaye kwa ushauri wa starehe alikuwa sahihi kabisa, alipokea fedha, akaandika risiti, akatuaga. Hakuuliza swali moja: spea iko wapi? Fungua buti la gari lile. Hakuna tairi la tano, hakuna jeki, hakuna spana ya magurudumu, hata shimo la kuwekea tairi chini ya zulia halipo. Gari liliundwa likitegemea kwamba tairi lenyewe ndilo spea yake. Sasa umelitoa tairi hilo, umeweka lisiloweza kutembea bila upepo, na hujaweka kitu badala yake. Mtu anatoka dukani anafurahia ulaini, hajui kwamba amekatiwa bima.

Tupime kwa njia tunayoifahamu. Ukipata pancha Ubungo ukielekea bara, ranflati lako lenye afya litakuvusha Kibaha na Mlandizi. Chalinze usiitegemee. Lakini sogea mbele zaidi, baada ya Morogoro, pale barabara kuu inapokata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Ni saa tatu usiku, una mama watoto na watoto wawili, tairi linaishiwa upepo, na nje kuna tembo na nyati ambao hawakupewa taarifa ya pancha yako. Mwenye ranflati atapunguza mwendo na kuendelea mpaka atoke hifadhini. Mwenye tairi la kawaida na spea atashuka kwa hofu kubwa na kubadilisha. Wa tatu, aliyebadilisha matairi na hana spea, atakaa hapo mpaka Mungu amletee lori. Huyu wa tatu ndiye ninayemzungumzia leo, na ndiye anayetengenezwa kila siku katika maduka yetu.

Sisemi watu wasibadilishe. Barabara zenyewe zinashauri wabadilishe, na pancha nazo zinashauri hivyo hivyo. Tairi la kawaida lililochomwa na msumari katikati ya kashata, fundi wa chini ya mwembe analiziba. Ranflati lililotembea bila upepo, watengenezaji wengi hawataki lizibwe, kwa sababu kamba za ndani ya ubavu huenda zimeungua na macho hayaoni. Unanunua jingine, na huko mikoani kulipata kwa vipimo vyako si kazi ndogo. Wamarekani nao waliyaonja ya jinsi hiyo. Baadhi ya Honda Odyssey za kuanzia mwaka 2005 ziliwekewa mfumo wa Michelin uitwao PAX, wenye pete ngumu ndani ya tairi. Wenye magari wakalalamikia bei na shida ya kumpata fundi mwenye mashine yake, na Michelin ikaacha kuuendeleza.

Basi anayebadilisha na abadilishe yote manne, asichanganye mawili magumu na mawili laini, maana gari litakuwa na tabia mbili, hasa njia ikiwa imelowa. Asidanganywe kushuka daraja la uzito. Tairi lililoandikwa 225/45 R17 91W, ile 91 maana yake linabeba kilo 615, na W ni mwendo wa mpaka kilomita 270 kwa saa. Huendi mwendo huo, najua, lakini tarakimu ya uzito usiichezee. Kisha tazama tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kung'aa dukani kwa ajili ya mafuta ya kupaka huku lina umri wa mtoto wa darasa la tatu.

Muuzaji atakwambia ni tairi la misimu yote. Jina hilo limetoka nchi zenye misimu minne. Goodyear ya Marekani ilipotoa tairi lake la Tiempo mwaka 1977, shabaha ilikuwa kumwondolea mtu usumbufu wa kubadilisha matairi kila baridi inapoingia. Sisi misimu yetu ni jua, vuli na masika, kwa hiyo alama ya mlima na theluji ubavuni haituongezei kitu. La misimu yote linatufaa, la kiangazi cha Ulaya linatufaa pia. Mimi ningetazama mifereji ya kutoa maji kwanza, kwa ajili ya masika. La kukimbia ni tairi la theluji tupu, ambalo magari mengine huja nalo kutoka kaskazini ya Japani. Mpira wake umefanywa laini kwa ajili ya barafu, na lami yetu ya saa nane mchana inaula kama kifutio.

Jambo jingine ni ile taa ya dashibodi inayoonya upepo ukipungua. Magari mengine yana vitambuzi ndani ya magurudumu, vimeshikizwa na valvu, na nimewaona mafundi wakivivunja kwa chuma cha kubandulia kisha wakasema, “Hiyo taa achana nayo bosi, haina kazi.” Ina kazi. Mwambie fundi kabla hajaanza, na tairi jipya likishawekwa upepo, taa irekebishwe isome upya.

Kuhusu spea, zipo njia mbili. Ya kwanza ni chupa ya dawa ya kuziba pamoja na pampu ndogo ya umeme wa gari. Inafaa mjini, na inafaa kwa tundu la msumari tu. Ubavu ukichanika, chupa hiyo ni pambo. Ya pili ni kununua rimu ya tano, hata iwe ile nyembamba ya dharura isiyotakiwa kuzidi kilomita 80 kwa saa, pamoja na jeki na spana inayoingia kwenye nati za gari lako, na kuvifunga kwa mkanda ndani ya buti visije vikaruka siku ya breki kali. Kabla ya kulipa, ijaribu rimu hiyo gurudumu la mbele na la nyuma, maana breki za magari haya ni kubwa na si kila rimu inazivuka.

Mwalimu alichagua ya pili. Mkewe hakufurahi, kwa sababu gunia la mkaa na ndoo za dagaa sasa vinagombania buti na tairi, na kwa muda tairi liliteremshwa likawekwa barazani, mpaka mzee alipolirudisha mwenyewe siku moja kabla ya safari ya Dodoma. Kabla ya kuondoka alilipitisha kituo cha mafuta likapimwa upepo. Lilikuwa limepungua, kama spea nyingi zilivyo, kwa kuwa hakuna anayezipima.