Sanduku la Vitabu au Tableti?

(Maneno tuliyowaambia wanavikundi wa kujisaidia, Masalani)



Mmetuita tutoe maoni kabla fedha za kikundi hazijatumika: mnunue sanduku la vitabu kwa ajili ya watoto na darasa la ngumbaru, au tableti moja ambayo vijana wanasema ina maktaba nzima ndani? Hatukuja kuamua. Fedha ni zenu, ni jasho la kuuza maziwa. Tumekuja kusema tuliyoyaona.

Kwanza tukiri kosa letu. Kuna kikundi tulikisaidia kupata tableti. Wiki mbili za kwanza ilikuwa sherehe, watoto wamejaa hadi mlangoni. Halafu waya wa kuchajia ukakatika, na waya wa aina ile madukani haukuwepo. Ikafungiwa kabatini, na huko ndiko iliko. Hatukuuliza swali moja dogo: ikiharibika, fundi ni nani? Lakini msidhani vitabu navyo tuliviweza. Kikundi kingine tuliwapa vitabu, sanduku likawekwa chini sakafuni, basi mchwa wakasoma kabla ya watoto.

Si mnajua, huku kwetu kitabu kimewahi kutembea kwa miguu minne. Oktoba 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianzisha Garissa maktaba ya ngamia, wakianza na ngamia watatu. Ngamia mmoja alibeba masanduku mawili yenye vitabu kama 400, mwingine akabeba hema. Soketi haikuhitajika wala mtandao. Mtoto aliazima kitabu akaenda nacho nyumbani, akakisoma na ndugu zake, akakirudisha.

Hata hivyo tusifiche ukweli. Mzigo ule wa ngamia leo unaingia katika mfuko wa shati, na bado nafasi inabaki. Tena mzee ambaye macho yamechoka anaweza kukuza herufi kwa kidole. Kitabu cha karatasi hakimwonei huruma. Shida ni jua letu: kioo cha tableti nje mchana hakionekani. Viko vifaa vya wino wa umeme vinavyosomeka juani na chaji yake hukaa hata wiki kadhaa, ila vingi havina rangi, na watoto wanapenda picha.

Jambo lingine, ulizeni mwenye kitabu ni nani. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ya Marekani ilifuta vitabu viwili vya George Orwell ndani ya vifaa vya wateja waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki. Fedha walirudishiwa, lakini kitabu kilitoweka usiku wamelala! Kimoja ni kile kilichotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama. Kitabu kilichomo sandukuni mwenu hakuna atakayekifuta akiwa mbali.

Na kuelewa je? Mwaka 2018 watafiti wa Hispania na Israeli walikusanya tafiti 54 zenye wasomaji zaidi ya 170,000. Katika masomo ya maelezo, waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi kidogo, hasa muda ulipokuwa mfupi. Kwa hadithi hawakuona tofauti. Kwa hiyo mama anayejifunza dawa ya mbuzi tungempa karatasi. Mtoto wa hadithi asome popote.

Sisi tungeanza na vitabu, sanduku liwe juu ya mawe, na mtu mmoja aandike nani ameazima nini. Tableti ifuate, ikiwa na sola na waya wa ziada. Kuna hadithi za bure za mradi wa African Storybook, za Kiswahili na hata za Kisomali. Kijana mmoja azipakue mahali penye mtandao, nyingine zichapwe zishonwe na uzi.

Mwekahazina, tafadhali soma hesabu, halafu akina mama waanze kusema. Ndio watakaolitunza hilo sanduku.