Kilomita Tatu za Kurudi

Sisi ni wa Laare, huku juu katika milima ya Nyambene, upande wa Meru. Mwenye Biblia karibu na afungue kitabu cha nabii Yeremia, mlango wa 8, asome tangu aya ya 4 mpaka ya 7. Aliye jikoni na asome baadaye, chungu kisije kikaungua. Hapo nabii anawataja ndege waendao mbali na kurudi kwa majira yao. Lakini kabla ya hao ndege anamtaja farasi akimbiaye vitani asiyegeuka nyuma. Ndege hao na farasi huyo ndio mazungumzo yetu ya leo.

Ninyi mnaoijua Laare mwajua kwamba ni mji wa miraa. Miraa huchumwa, hufungwa katika majani ya mgomba, na zikipita siku mbili nguvu yake imekwisha, na bei yake pia. Kwa hiyo pikapu zetu hukimbia. Zikitoka Laare na Maua kwenda Nairobi kuwahi uwanja wa ndege, hata mbuzi wa kwetu wamejifunza kukaa mbali na lami. Twasema hivyo kwa mzaha, lakini makaburi yaliyochimbwa kwa sababu ya mbio hizo si mzaha.

Na baiskeli kwetu ni taabu. Ukiteremka, breki zinalia. Ukipanda, wewe ndiwe unayeibeba. Kwa hiyo vijana wa kanisa walipoambiwa kwamba iko nchi tambarare huko pwani, mtu akanyaga pedeli kutwa nzima bila kushuka, walitaka kuiona. Walitaka pia kuwaona ndege wa pwani, ambao mwalimu wao wa Shule ya Jumapili huwasimulia.

Tulikuwa saba: vijana wanne, akina mama wawili, na mzee mmoja wa kanisa. Jina lake hatutalitaja. Zamani mzee huyu alikuwa dereva wa pikapu ya miraa. Alimgonga mtu akafa, akafungwa, akatoka, akatubu, akapokelewa katika ushirika. Hayo sote tuliyajua. Tangu siku ile hajashika usukani wa gari. Fedha za kukodi gari la kututembeza pwani zilipokosekana, ndiye aliyesema, "Basi tutembee kwa baiskeli, wanangu. Hatuna haraka." Tukasafiri kwa basi mpaka Malindi, mwanzoni mwa mwezi wa Machi, naye njia nzima hakulala. Pale tukakodi baiskeli saba nyeusi, nzito kama jembe la ng'ombe.

Kwanza tulikwenda kusini, kwenye hori la Mida, karibu na Watamu. Maji yakipwa hapo, matope huonekana mpaka mbali kati ya mikoko, na juu ya matope hayo ndege ni wengi kuliko tulivyoweza kuhesabu. Wako sululu wenye midomo iliyopinda. Yuko ndege mmoja mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene, alaye kaa. Huyo huzaa huko kandokando ya bahari za Arabuni na Somalia, naye huchimba shimo mchangani akataga yai lake humo, jambo ambalo ndege wengine wa jamii yake hawalifanyi. Na wako wale wadogo, vitwitwi, ambao wengine wao huzaliwa Siberia, kaskazini kabisa ya Urusi. Hufika kwetu tangu mwezi wa Agosti, na ikifika Aprili huanza kurudi. Tulipowaona, vifua vya baadhi yao vilikuwa vimeanza kuwa vyekundu, maana hiyo ndiyo nguo yao ya safari ya kurudi nyumbani. Hakuna aliyewapigia kengele.

Penye hori hilo pana daraja la mbao lipitalo juu ya mikoko. Wageni hulipa kiingilio, na fedha hizo husaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vya jirani. Mpango huo ulianzishwa na Wakristo wenzetu wa A Rocha. Mama mmoja wetu aliposikia hayo alisema kwamba Laare nasi tungeweza kusomesha watoto kwa chemchemi zetu, kama tusingekuwa tumezikatia miti yote. Hatukuwa na la kumjibu.

Kisha tukageuka kaskazini, tukafika mlango wa mto Sabaki. Mto huu ndio uleule Athi wa huko juu karibu na Nairobi, uitwao Galana njiani. Maji yake ni mekundu kwa udongo wa mashamba ya watu. Udongo huo umeyadhuru matumbawe ya baharini, walakini ndio uliotandaza matope wanayolia shakwe na buabua na heroe. Tuliacha lami, tukapita vijia vya mchanga, na magurudumu yalipozama tulisukuma. Hapo watu wa Laare tulijiona tuko nyumbani.

Tokea hapo mpaka Garsen ni zaidi ya kilomita 100, na lazima tuseme kweli: njia hiyo ni ya lami, na malori yapo. Kila lori lilipotukaribia kwa nyuma, mzee wetu alishuka, akasimama majanini mpaka lipite. Siku ya kwanza vijana walicheka kidogo. Siku ya pili nao walikuwa wakishuka pamoja naye. Tulilala njiani, tukaziba panchari nne, na siku ya tatu tukaiacha lami, tukaingia vijia vya ng'ombe katika uwanda wa mto Tana.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mito iteremkayo kutoka Nyambene, kama Rojewero na Ura, hupita Mbuga ya Meru na kuingia Tana. Yaani maji tuliyoyakuta huko chini, katikati ya majani na mabwawa, mengine yalikuwa mvua iliyonyesha kwetu. Mabwawa ya umeme yameuzuia mto Tana huko juu, kabla mito yetu haijaingia, tangu Kindaruma mwaka 1968 mpaka Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, hata mafuriko yaliyokuwa yakirutubisha uwanda si kama ya zamani. Hata hivyo maji yanafika. Delta hiyo iliandikwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar, ya maeneo ya maji yenye thamani kwa dunia nzima. Mwaka huohuo Wapokomo na Waorma walipigana huko kwa ajili ya maji na malisho, na mpaka mwanzo wa 2013 watu zaidi ya mia moja walikuwa wamekufa. Tulikaribishwa na wote wawili. Huyu alitupa maembe, huyu maziwa.

Tulilala Golbanti. Wamethodisti wanaotusikiliza wanalijua jina hilo, au inawapasa kulijua, maana hapo ndipo mmisionari Houghton na mkewe walipouawa mwaka 1886, miaka 26 kabla Wamethodisti hawajafika Meru mwaka 1912. Maji yalishuka kutoka kwetu, na Injili ilipanda kutoka pwani.

Jioni ile tulikaa ukingoni. Yangeyange walikuwa wakirudi kulala, makundi kwa makundi, weupe, wakishuka juu ya mti mmoja mpaka ukaonekana kama umechanua. Mzee wetu alinawa uso kwa maji ya mto. Kisha akasema, "Wanangu, mnajua kwamba niligonga mtu. Hamjui kwamba sikusimama."

Tukanyamaza.

Akasema kwamba ilikuwa alfajiri. Mtu yule alikuwa akisukuma baiskeli yenye ndizi. Yeye alisikia kishindo, akaiona baiskeli katika kioo imelala barabarani, akakanyaga mafuta, kwa kuwa mzigo ulikuwa umechelewa. Alikwenda kilomita tatu. Alizijua kwa mawe ya barabara. Ndipo akageuza gari.

Mmoja wa wale akina mama hakumwambia kwamba amekwisha kusamehewa, ingawa sisi wengine maneno hayo yalikuwa midomoni. Alimwuliza tu, "Kwa hiyo ulirudi, Baba?"

"Nilirudi."

"Basi tuambie na habari za kurudi."

Akatuambia. Mtu yule alikuwa bado hai. Aliuliza kama baiskeli yake imevunjika. Alifia njiani, hospitali ikiwa imeonekana tayari. "Mahakamani sikuulizwa habari za zile kilomita tatu," akasema mzee, "nami sikuzisema. Wala kanisani nilipotubu sikuzisema. Nimezificha miaka yote hii." Giza lilikuwa limeingia. Tulisoma Zaburi ya 51 kwa tochi, kila mtu aya yake, na hakuna aliyehubiri.

Asubuhi alituomba jambo moja: tuende naye kilomita tatu juu ya tuta la mto, kisha turudi. Kijana mmoja alipima kwa simu yake. Kwa gari, kilomita tatu ni dakika mbili tu. Kwa baiskeli, juu ya tuta lenye mashimo, ni robo saa na zaidi, na kila hatua mwaiona: ng'ombe majini, korongo wakipekua konokono, mtoto mwenye mtumbwi anayewapungia mkono. Tulipofika mwisho wa kilomita ya tatu mzee alisimama, akageuza baiskeli yake polepole, akatutazama kama tupo. Tulikuwapo. Tukarudi naye, yeye mbele.

Tuliporudi Laare aliwaomba wawili wetu wamsindikize kwa mjane wa mtu yule, akamweleze na hizo kilomita tatu. Mlima wa kwenda kwake ni mkali, tukazisukuma baiskeli karibu njia nzima. Yule mama alitukuta mlangoni, akatuwekea viti nje, chini ya mti. Yaliyosemwa hapo si ya redio.

Bwana awe nanyi mpaka juma lijalo.